Mikono Saba na Shibiri

Hati imekunjwa ikakunjuliwa, hata mkunjo
umekula herufi mbili za jina la shahidi.
Kipimo kimesalia, wino wa kahawia, herufi za Kiarabu:
kichochoro baina ya nyumba hizi mbili, Kibokoni,
upana wake mikono saba na shibiri
kwa mkono wa Bi Khola binti Msellem.

Mkubwa wangu ofisini anataka mita.
Fomu ina kisanduku, na ndani yake nukta
imeshachapwa, inangoja tarakimu kuume na kushoto.

Nikatazama jedwali la ukutani, la tangu enzi za yadi:
shibiri, inchi tisa; mkono, kumi na nane;
wari ni mikono miwili, pima ni minne.
Mita tatu nukta nne tatu. Nikaandika kwa penseli.

"Mkono wa nani huo?" akauliza Swabra, mjukuu.
"Wa Serikali."
"Serikali ililala lini nyumba hii?"

Akafungua kasha. Kafuri ikatupiga puani.
Akatoa gauni la zambarau lililofifia mabegani,
akalilaza mezani juu ya ramani zangu,
akaunyoosha mkono wake.
Lugha yetu haikuona haja ya neno la pili:
mkono ni mkono, uwe na nyama usiwe nayo.

Kisugudi tulikiona upesi,
pale kitambaa kilipolika kwa miaka ya kuegemea dirisha.
Kutoka hapo hadi upindo, sentimita ishirini na nne.
Baada ya upindo, meza.
Kiganja alikwenda nacho.

"Chukua changu," Swabra akasema. "Wote husema ni chake."
Nikapima: kumi na nane.

Bwana Twahiri, jirani, mdai wa pili,
yeye atakaye kujenga ngazi ya nje ili apangishe juu,
alikuwa kizingitini muda wote, kofia magotini.
Kichochoro kikiwa chembamba, ngazi yake ni pana.
Hilo tulilijua sote watatu.

"Si chake," akasema.
"Kile nakijua mimi. Nilikuwa na miaka saba.
Nilimwibia mkate wa mofa, wa moto,
nikauficha ndani ya kanzu, ukaniunguza tumbo, nikalia,
ndipo akanijua."
Akaja mezani, akainamisha uso chini ya taa.
"Kilianzia hapa," juu ya sikio,
"kikaishia hapa," ncha ya kidevu.

Nikaupitisha utepe shavuni mwake, juu ya mvi za siku mbili.
Ishirini.

"Lakini shavu limekua, Bwana Twahiri," Swabra akasema.
Alitaka kumsaidia, nadhani.
Alishapiga hesabu: kila wanda unaoongezwa kiganjani
huzidishwa mara saba na nusu,
hukata ngazi ya mzee.

"Na kofi limekua nalo," akajibu. "Ishirini.
Mimi ndiye niliyelipokea."

Basi ishirini na nne, na ishirini,
mara saba, na nusu yake ndiyo shibiri.
Nikafuta mkono wa Serikali kwa raba.
Nikaandika mita tatu nukta tatu sifuri,
na pale palipoandikwa *chanzo cha kipimo*
nikakaa na kalamu hata chai ikapoa.
Mwisho nikaandika: gauni moja, shahidi mmoja.
Mkubwa atanirudishia. Na arudishe.

Swabra alilikunja gauni, mkono ndani ya mkono.
Mzee akavaa kofia, akaaga, akakataa chai.
Dirishani nilimwona akiingia kichochoroni,
ubavu ubavu, ingawa nafasi ilikuwepo,
akihesabu ukuta kwa wanda,
mkono mmoja kwenye chokaa,
wa pili shavuni.