Kiputo

Chupa imetoka kwenye baridi tangu asubuhi.
Usiitikise, ananiambia Odile Huguenin,
usiitikise hata kwa mawazo.

Ndani mna utomvu, rangi ya chai isiyo maziwa,
na uvivu wake ni wa kifalme:
unainamisha chupa, unahesabu hadi ishirini,
ndipo unaposhuka katikati ya kisahani cha silikoni,
uzi mmoja usiokatika,
ukijikunja kama nguo iliyovuliwa.

Tuko Le Locle, bondeni, Januari.
Nje theluji imefika kwenye vioo vya magari.
Humu ni manjano, usiku na mchana sawa,
maana mwanga mweupe ungeuamsha utomvu kabla ya zamu yake.
Tumevaa meupe hadi kwenye nyusi.
Hakuna mwenye nywele. Hakuna mwenye umri.

Odile anabonyeza. Ombwe linakishika kisahani kwa chini.
Kwanza polepole,
utomvu unatandaa kama habari ya msiba,
kila upande, bila kelele.
Kisha mizunguko elfu kwa dakika: pia imekolea,
nyuzi nyembamba zinaruka, mvi za hewani.
Kinachobaki ni nusu milimita
na ukingoni uvimbe, mdomo ulionuna,
anaoufuta kwa kijiti cha pamba
kisahani kikizunguka bado.

Wiki iliyopita tuliharibu visahani tisa.
Bwana Perrenoud aliilaumu chupa,
muuzaji wa chupa akailaumu hewa,
mimi mwanagenzi nikalaumiwa kwa kuwepo.
Upande huu mnene, upande ule mwembamba,
mkate uliokatwa na mtu mwenye hasira.

Odile hakusema neno.
Jumatatu alileta pimamaji ya marehemu baba yake,
fundi wa sakafu,
akaifuta kwa spiriti mara tatu,
akailaza juu ya bamba la moto.

Kiputo kikakimbilia kushoto.

Kidogo tu. Unene wa ukucha wa mtoto.
Akapiga magoti, akauzungusha mguu wa bamba,
robo, robo tena,
mpaka kiputo kikatulia kati ya mistari miwili
kama mtu aliyekubali kupigwa picha.
Ndiyo kazi yetu, akasema:
kiputo kimoja kukitafuta,
vingine vyote kuvikimbia.

Leo tumeoka saa sita.
Kuoka si kitu; kupoa ndiko kwenye kisa.
Ukiharakisha, utomvu unapasuka kimya,
na hutajua mpaka asubuhi.
Kesho mwanga utachora humo magurudumu
madogo kuliko ufuta,
ya saa za watu watakaozitazama
wakiwa tayari wamechelewa.

Nikamuuliza, sasa ni saa ngapi?
Akainua kiganja chenye glavu, kitupu.
Humu saa za mkononi ni marufuku.
Basi la mwisho huenda limekwishapita.
Bamba lilikuwa bado nyuzi sabini na moja.