Ukungu

Siku ya sita, homa haijashuka.
Mishipa yako imekwisha kunywa dawa mbili za bakteria,
na kipimajoto bado ni thelathini na tisa na nusu.
Daktari Kache akaacha kukitazama,
akatazama mikono yangu.
"Baba Somoe, unafanya kazi gani?"

Fundi chokaa, Lamu.
Nabomoa kuta kuukuu za Mkomani, nazisimamisha upya.
Mawe yale yamelala na unyevu tangu babu wa babu;
ukiyagonga hutoa vumbi la kijani, kijivu, jeusi.
Nalijua kwa pua. Kwetu jina lake ni ukungu.
Hata ule wa alfajiri, unaoufuta mnara usionekane,
tunauita ukungu.
Lugha haikuona tofauti,
au iliona, ikanyamaza.

Lukemia nilishazoea kuitamka.
Nilishajifunza hesabu ya chembe nyeupe:
zikipungua, maua marufuku, wageni marufuku.
Juzi zilisomwa arobaini.
Askari arobaini, mji mzima.

Hapa Malindi wakakuingiza kwenye mashine ya duara.
Daktari akanionyesha pafu lako:
doa, kadiri ya punje ya mtama,
na weupe hafifu umelizunguka.
"Huu weupe," akasema, akilitafuta neno, "ni kama..."
"Ukungu," nikasema.
Akanyamaza. Kisha: "Ndiyo. Na ndani yake pia."

Damu waliyoiotesha maabara haikuota kitu.
Hawakungoja iote.

Dawa ni ya manjano.
Mfuko wameuvika karatasi nyeusi usione mwanga.
Saa ya kwanza unatetemeka hata kitanda kinalia;
Nesi Dhahabu anaongeza blanketi, anapima mkojo,
anachukua damu kuziuliza figo.
Wewe unataka kujua kama wametia bizari.

Nilimuuliza daktari: ni mimi?
Akasema ukungu uko kwenye mkate, kwenye feni, kwenye mto,
hakuna ajuaye ulikopitia.
Hakusema: si wewe.

Leo siku ya kumi ya manjano.
Thelathini na saba na nukta tisa.
Nimenawa mara tatu kabla ya kukushika,
na chokaa bado iko chini ya kucha.
Nesi Dhahabu akaleta mkasi, akanikalisha kwenye stuli,
akanikata kucha kidole kimoja kimoja
kama mtoto wa chekechea,
nawe, nyuma ya barakoa,
ukihesabu.