Ngeli

Daktari alisema, imetoka.
Nesi akaandika, kijusi.
Kalamu yake ya bluu ilikuwa inakata wino,
akaikung'uta mezani mara mbili, akaendelea.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, darasa la tano B,
mwaka wa tisa huu nafundisha ngeli pale Tabata.
Mimba imetoka, mimba zimetoka.
Kijusi kimetoka, kama kiti, kama kikombe.
Hawakukosea.
Nikalala ubavu, nikatazama feni isiyozunguka,
nikasahihisha kimoyomoyo kwa wino mwekundu:
ametoka.
Kama mtu aliyetoka kidogo,
aliyeacha kandambili mlangoni.

Tulirudi kwa bajaji. Hizza alimwambia dereva
taratibu kwenye matuta,
kana kwamba bado yupo wa kutikiswa.

Mtaani kwetu mtu akifa, njia hufungwa kwa turubai.
Viti vya plastiki hushushwa kwenye kirikuu,
daftari la rambirambi huzunguka,
hata mdeni wako huja akakaa.
Wiki kumi na sita hazina turubai.
Siku ile njia ilipitika.
Muuza bagia alipita. Gari la maji lilipiga honi
kama lilivyopiga jana yake,
na mimi ndani, blauzi imelowa maziwa
ambayo hayakupewa taarifa.

Walikuja kwa zamu, na maneno yao kwenye hotpoti.
Bado kijana. Utapata mwingine. Kazi ya Mungu haina makosa.
Wifi yangu akauliza kama nilinyanyua ndoo.
Nikasema asante. Nilisema asante kwa wote.
Usiku nikazihesabu ndoo, tangu Januari.

Hizza hakusema kitu. Ni fundi majokofu.
Aliifungua feni yetu yote,
akaipanga sakafuni, skrubu kwa skrubu,
akaifunga tena. Ilikuwa haina ubovu.
Siku nyingine, natafuta bisibisi kwenye kisanduku chake,
nikaikuta kadi ya kliniki
ndani ya mfuko wa nailoni, kisha mfuko mwingine,
isiguswe na grisi.

Kisha akaja Bi Somoe wa chumba cha uani.
Hatukuwa na mazoea naye, ila salamu na zamu ya kufagia.
Alikuja mikono mitupu. Akavuta ungo wangu,
akaanza kuchambua mchele nisiokuwa na nia ya kuupika.
LUKU ilikuwa inalia tangu asubuhi; ikanyamaza, giza likaingia.
Akaendelea kwa vidole.
Halafu akauliza:
Alikuwa na wiki ngapi?

Alikuwa.
Nikaisikia irabu ile ya mwanzo
ikishuka, ikikaa nasi jamvini.
Kumi na sita, nikasema.
Wangu wa pili alikuwa na kumi na mbili,
mwaka ule maji yalipoingia Jangwani hadi madirishani.
Angekuwa kidato cha nne.
Nikalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza.
Hakuninyamazisha. Alitupa chuya uani,
akarudi, akaendelea.

Sitasema nimepona.
Kuna rafu ya nguo za watoto pale Kariakoo
ambayo bado naizungukia mbali.

Lakini Jumatatu niliandika ubaoni: A-WA.
Nikaomba mifano.
Mtu! Mkulima! Mbuzi, mwalimu, maana naye anapumua!
Darasa likacheka, nami nikajikuta ndani ya kicheko,
nikashtuka, kisha nikakiacha kiishe chenyewe.
Nyuma kabisa, Semeni, ambaye jina lake halijawahi kumfaa,
akanyoosha mkono:
Marehemu je, mwalimu? Si hapumui.

Chaki ilikuwa imebaki kipande.
Marehemu naye, nikasema.
Marehemu amelala. Marehemu wamelala.
Haondolewi. Andikeni.

Jioni nilinunua umeme.
Feni ikaanza, kwa kusuasua, kisha ikashika mwendo.
Hizza akaitazama, akanitazama.
Tukaupika ule mchele. Haukuwa na jiwe hata moja.