Ndovu wa Bati

Kwetu Mvita usiseme tembo.
Tembo ni la mnazi: hugemwa, hunywewa,
humlaza mtu mtaroni na viatu vyake.
Mnyama ni ndovu.
Ndivyo nilivyomwambia Mishi, mwana wa dada yangu,
aliposimama na daftari chini ya jukwaa
siku yangu ya tatu ya kupaka rangi Mapembeni.

"Mjomba, mwalimu ataka aina za ndovu.
Hizi pembe ni za yupi?"

Nikaigonga kwa mpini wa brashi.
Ikalia kama sufuria.
"Za ndovu wa bati. Chakula chake rangi nyeupe,
madebe manne kila mji ukingojea mgeni."

Hakucheka. Mishi hachekeshwi hivihivi.
Nikashuka, nikakalia debe tupu.

Andika.
Wa kwanza ni wa mbuga, yule wa Tsavo,
mwekundu kama ukuta uliokandikwa jana
kwa kujimwagia vumbi la kwao.
Masikio mapana, anajipepea nayo mwili mzima.
Pembe zapinda kwenda mbele, kisha juu.
Masika hula nyasi; kiangazi humenya magome
uonavyo mama yako akimenya muhogo,
na kutwa kucha ni kutafuna, usingizi kidogo tu.
Nchani mwa mkonga ana vidole viwili.
Aweza kuokota ukwaju mmoja asiuvunje.

Wa pili wa msituni, Kongo huko, kimo kifupi,
masikio ya duara,
pembe zimenyooka, zaelekea chini,
maana apitaye vichakani hatembei kashika kiuno.
Huyu matunda ndiyo yake. Humeza na kokwa,
akasafiri nazo siku mbili tatu,
akaziacha mbali ndani ya kinyesi, zikaota.

"Niandike kinyesi?"
"Andika. Misitu mingine haikupandwa vingine."

Wa tatu wa Bara Hindi.
Huyo nimemjua kwa kalenda ya duka la vitambaa:
kichwa chenye vinundu viwili, mgongo umeinuka,
masikio kama ya kuazima,
kidole kimoja tu mkongani,
na majike yake pembe huzioni.

Kalamu ikasita.
"Na wale wa Shimba, waliokula mahindi ya bibi?"

Nilipokuwa juu nilikuwa naviona vile vilima,
buluu, ng'ambo ya Likoni.
Hao, nikasema, ni wa mbuga waliopanga msituni.
Kodi hawalipi.
Wahenga walitwambia ndovu wawili wakipigana
ziumiazo nyasi.
Wakiwa wanakula tu, kwa amani,
nyasi ni zilezile, na shamba ni la bibi.

Akatazama juu, pale pembe zinapokutana.
"Lakini Mjomba, hizi zimekutana.
Mkonga ungepitia wapi kwenda kinywani?"

Miaka kumi na moja nazipaka.
Sikuwahi kuliwaza hilo.
Mwenye pembe hizi angekufa njaa
mbele ya nyasi zimfikazo magotini.

Akachora safu ya nne daftarini, kwa rula:
*Ndovu wa Mapembeni. Makazi: barabarani.
Masikio: hana. Chakula: rangi.*
Akafuta *rangi*, akaandika *hali*.

Nikapanda tena. Matuktuk yalibweka chini.
Nikapaka hadi pale pembe inapozama kwenye saruji.
"Ya ndovu wa kweli nayo imezama hivyo?"
"Theluthi yake i ndani ya fuvu," nikamjibu.
"Ukitaka uipate nzima, huna budi upasue uso."

Hilo hakuliandika.
Alifunga daftari, akanishikia ngazi
mpaka nikamaliza upande ule.