Pungufu ya Kumi na Saba

Msimu umefungwa. Ghala letu la Newala limefagiliwa,
linanuka magunia matupu na mafuta ya maganda.
Nimejumlisha mara tatu, mara tatu imetoka
laki tisa na tisini na tisa elfu,
mia tisa themanini na tatu.
Kilo.

"Andika milioni," anasema mwenyekiti Nambunga.
"Kumi na saba ni vumbi, Somoe. Ni korosho za panya."
Fulana zimeshachapwa: MILIONI, kwa rangi ya bibo bivu.
Nipe siku kumi, nikasema, nihakiki.

Usiku, nyuma ya stakabadhi iliyoharibika,
nikaanza kuigawa. Sijui kwa nini; mkono ulitaka.
Kwa mbili haikubali, ni witiri.
Kwa tatu ikabaki mbili. Kwa saba, tano.
Kwa kumi na moja, sita. Kwa kumi na tatu, kumi.
Kwa kumi na saba, zilezile tunazodaiwa,
tisa.

Ukungu wa Ruvuma ukapanda hadi dirishani.
Nilijua ngazi ina mwisho, ukifika elfu umemaliza,
maana elfu mara elfu ndiyo hiyo milioni yao,
na namba yangu iko chini yake kidogo tu.
Chini ya elfu wapo mia moja sitini na nane wa kujaribu.
Nikawabishia hodi mmoja mmoja, siku tisa,
kila usiku baada ya ugali.
Wa mwisho, mia tisa tisini na saba,
alikula mara elfu moja na mbili
akaacha mia tisa themanini na tisa mezani.

Hakuna aliyeingia.
Namba tasa.

Neno hilo nalijua. Nililisikia jikoni kwa wifi,
mwaka wa sita wa ndoa, mimi niko nje na ndoo.
Alilisema, akachochea kuni.
Mwalimu Mkapunda naye alilisema, darasa la sita,
chaki mkononi, bila kumwangalia mtu:
haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe.
Kisha akafuta ubao, tukakimbilia mabibo,
na hakutuambia (au niliwahi kutoka)
kwamba ishirini na nne, na vigawo vyake tele,
ukifuata ukoo unakuta mbili, mbili, mbili, na tatu;
kwamba milioni yenyewe, yenye fulana,
ni mbili sita na tano sita zimeshikana mikono.
Kila namba yenye watoto, wazazi wake ni tasa.

Nilicheka hadi paka akashuka kwenye magunia.

Asubuhi mwenyekiti yuko mlangoni, fulana begani.
Namgeuzia daftari.
Tisa nne, nane, tatu. Wino umeshakauka.
Anasoma kwa kidole. Anauliza kama itagawanyika
sawasawa kwa vijiji vyetu kumi na vitatu.
"Zitabaki kumi."
"Sasa hizo kumi atachukua nani?"

Nafunga kalamu kizibo chake.