Hodi, Ruta

Ilikuwa Ijumaa, siku ya soko la Mpondwe,
na mashine ikaamua kuninunia.
Chini, pembeni mwa kioo,
kipembetatu cha manjano kilinikodolea jicho.
Muhindo ameketi kwenye benchi,
magunia yake ya maharagwe yako kwenye toroli mlangoni,
anataka cheti kabla ya saa sita.
"Mama Biira, bado?"
Bado.

Bwambale, mpwa wangu wa Kampala, kwenye simu:
"Zima, uwashe."
Nimezima, nimewasha.
"Basi zima na ruta."
Nikazima ruta, nikahesabu hadi thelathini
kama mtu anayengoja uji upoe.
Taa tatu zikarudi. Ya nne ikasita.
Nikaufuata waya kwa vidole, gizani, nyuma ya kabati:
kile kiulimi cha plastiki kimekatika, kichwa kinacheza.
Nikakikaza kwa kipande cha kadi ya vocha.
Kipembetatu kikaondoka.
Muhindo akainuka.
Nikamwambia, keti.

Maana ukurasa wa kodi umegoma:
muunganisho huu si salama.
Si salama kwa nani?

Nikabisha hodi kama Thembo alivyonifundisha.
Anzia kwako, alikuwa akisema,
usimlaumu jirani kabla hujagonga mlango wako.
Hodi, mashine? Ikajiitikia yenyewe, upesi.
Hodi, ruta? Karibu.
Hodi, huko mbali?
Karibu, karibu, kimya, karibu.
Sasa, ikiwa wote wamo ndani,
nani kaweka komeo?

Ni Muhindo, ambaye hajawahi kushika kipanya,
aliyenyoosha kidole:
"Mama Biira, kwako bado usiku?"

Saa nane na dakika kumi usiku.
Tarehe mosi Januari, elfu mbili na kumi na moja.

Umeme ulikatika jana, na kibetri cha ndani,
kidogo kama sarafu, kimekufa.
Mashine imeamkia mwaka iliozaliwa.
Inaonyeshwa vyeti vya leo, inakataa:
muhuri huu ni wa siku ambayo haijafika.
Siwezi kuilaumu.

Elfu mbili na kumi na moja.
Thembo yuko chumba cha nyuma, anachomelea redio ya mtu,
anakohoa kidogo, anasema si kitu, ni moshi tu.
Biira hana meno ya mbele.
Kwa hesabu ya mashine hii
hatujazika mtu.

Nikabonyeza kishale. Kumi na mbili. Kumi na tatu.
Kwenye kumi na sita kidole kikagoma.
Muhindo akageuka kutazama magunia yake;
mtu wa soko hujua lini pa kutupia macho.
Nikaendelea kubonyeza.

Ukurasa ukafunguka bila kishindo.
Printa ikalalamika, ikatoa cheti.
Elfu tatu, nikasema. Akaacha tano, hakungoja chenji,
toroli likashuka kuelekea mpakani.

Kibetri kipya kipo Kasese, wala si ghali,
kila mtu ananiambia.
Nitakwenda.
Ila umeme hukatika sana huku Bwera,
na asubuhi, kabla sijarekebisha mwaka,
huiwasha mashine, nikaiacha hivyo kwanza,
nichemshe chai.