Vijimaji

Huku Lanco hatusemi chai.
Chai ni ile ya dukani, nyeusi, ya asubuhi.
Hii ya majani ya uani tunaiita vijimaji,
kama mtu anayeomba radhi kabla hajakosa:
"Kaa kidogo, nikupe vijimaji."
Na aliyekwisha kushika kofia huirudisha pajani.

Abelino hakuwa ameivua.
Alikula maharage na nyama ya nguruwe nayo kichwani,
karatasi za wakili chini ya kiwiko,
miaka kumi na mmoja chini ya karatasi.

Nikasema natoka kuchuma.
Orfelina akanitazama: mvua hii?
Mvua ya Aprili, isiyo na haraka,
iliyohamia hapa mpaka Oktoba.
Nikavaa kandambili, nikachukua mkasi wa kukatia kuku.

Nanaa haihitaji kutunzwa, inahitaji kuzuiwa.
Boldo, pale pembeni, jani gumu kama ulimi wa kiatu:
mawili tu, kwa ajili ya mafuta ya nguruwe;
la tatu hugeuza kikombe kuwa adhabu.
Kisha sedroni.
Kwa sedroni unainama kama unayeambiwa siri.
Majani membamba, yenye kukwaruza kidogo;
unayafikicha, na harufu inafika kabla ya jina lake,
limau lililosahau ukali.
Nikakata vitawi vitatu. Nikasimama. Nikakata cha nne.
Maji yalikuwa yakiniingia shingoni
na sikuwa na hamu ya mlango.

Juu ya jiko la kuni, ganda la chungwa
linaning'inia tangu msimu uliopita,
limejikunja kama sikio la mzee.
Kijiti cha mdalasini kimeshatumika mara mbili.
Orfelina aliona, hakusema.
Gome huchemshwa, jani huloweshwa:
mama alitufundisha hilo kwa mwiko,
mara moja mkononi mwangu, mara moja mkononi mwa Abelino,
kwa haki.
Basi gome na ganda vichemke. Epua.
Sasa majani. Funika.
Dakika tano usifunue.
Dakika tano ni safari
kwa ndugu wawili wanaotazama kifuniko.

Sukari ilikuwa kikombeni.
Nikachota kaa jekundu kwa koleo,
nikaliweka juu ya sukari kama alivyofanya mama.
Ikalia, shwaa,
na moshi mtamu ukatupanda usoni.
Abelino akavua kofia.
Labda ni ule moshi.

Akanywa. Akanusa. Akanywa tena.
"Sedroni hii ni ya mama," alisema.
"Yako ilikufa kwa ile jalidi kubwa.
Niliiona, kavu, kutoka upande wangu wa wigo."

Nikatazama mikono yangu.
Ilikuwa usiku, wiki chache baada ya jalidi.
Nina miaka sitini na miwili, naruka wigo,
kisu mfukoni, suruali imenasa kwenye seng'enge.
Nikakata kitawi kimoja,
nikakivingirisha gazeti bichi,
nikakileta nyumbani kifuani
kama kitoto cha kuiba.

"Niliiba kwako," nikasema.

"Najua. Nilikuwa dirishani.
Au unadhani Duque alinyamaza kwa kukupenda?
Nilimbana mdomo. Tazama."
Akakunja mkono wa shati: alama mbili,
nyeupe, ndogo kama punje za mchele.

Orfelina akamimina maji mengine juu ya majani yale yale.
Mkupuo wa pili huwa hafifu, rangi yake karibu haipo,
lakini hunyweka.
Karatasi zilikuwa bado mezani.
Kikombe cha Abelino kilikuwa kimezikalia,
kimeacha duara la kahawia
jirani na mahali pa sahihi.

"Tena ulikata vibaya," alisema.
"Kitawi cha kupanda hukatwa chini ya kifundo.
Nilikaribia kufungua dirisha nikuambie."